Mtoto wa dada ndiye mshauri wangu wa fedha. Nimuulizeje anachopata?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa miaka 43, nanunua na kuanika dagaa hapa mwalo wa Kirumba, Mwanza. Mume wangu alifariki mwaka juzi akaniachia watoto watatu na mtumbwi wenye mashine. Mtumbwi nimehangaika nao mwaka mzima. Vijana wakirudi alfajiri wananiambia ziwa halina kitu, halafu majirani wananiambia dagaa wangu wameshushwa Igombe usiku. Mwezi wa nne nikauza vyote, mtumbwi, mashine, nyavu na taa za sola, nikabaki na shilingi milioni 18 benki. Chanja sijaziacha, ndizo zinazotulisha.

Dada yangu wa tumbo moja ana mtoto wa kiume wa miaka 27. Alipokuwa sekondari alikaa kwangu, nauli yake ya daladala nilikuwa natoa mimi. Alimaliza chuo akakaa miaka miwili bila kazi. Mwaka huu kapata. Siku hizi anavaa shati jeupe na beji, na kwenye kadi yake imeandikwa "Mshauri wa Fedha".

Jumapili alikuja nyumbani na fomu ya bima ya akiba ya miaka 10. Akaniambia, "Mamdogo, hiyo milioni 18 ukiigawa kwa miezi 120 ni laki na nusu kila mwezi. Inatoka sawasawa, kama Mungu kaipanga." Mwisho wa miaka 10 kampuni inanipa milioni 21 za uhakika, na bonasi juu yake mwaka ukiwa mzuri. Nikifa katikati, hata mwezi ujao, watoto wanapewa milioni 21 zote. Kalamu alikuwa nayo mkononi.

Nikamwambia mwenzangu wa kwenye kikoba ananunua vipande, yaani sehemu za mfuko wa pamoja wa uwekezaji, na mimi nilikuwa nafikiria huko. Akacheka. Akasema vipande vinashuka, mwaka 2008 Wamarekani walifilisika kwa hiyo hiyo mifuko ya pamoja, bima haishuki.

Nilikuwa karibu kusaini. Ila mdogo wangu wa kiume yuko Uingereza, anafanya kazi ya kutunza wazee. Nilipomsimulia akasema, "Dada, huku mshauri kulipwa na kampuni anayoiuzia ni marufuku tangu zamani. Muulize analipwa na nani." Badala ya kuniachia mimi niulize, akaliandika kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Kijana akajitoa kwenye kundi. Dada hajanipigia siku ya nne leo, na huyo ni mtu ambaye hatupitishi siku bila kusalimiana.

Shangazi, ni kweli huko wamepiga marufuku? Kwa nini? Mwanangu ni tapeli? Na kama si tapeli, nimuulizeje anachopata bila kuonekana namnyima mtoto riziki?

Mama wa Chanja, Kirumba


SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba mwanangu. Pole ya mume, na pole ya mtumbwi. Mtumbwi ambao mwenyewe hayumo majini ni mali ya wote.

Kabla ya lolote nijieleze. Nimekaa kaunta ya benki hapa Mwanza miaka 24, sasa nimestaafu. Nina vipande vya mfuko wa Umoja tangu 2006 na hatifungani kidogo ya serikali, yaani pesa niliyoikopesha serikali kwa riba. Hakuna anayenipa hata senti ukienda huko au usipoenda, lakini mtu akishakuwa na kitu chake hukisifia hata bila kulipwa, kwa hiyo nisikilize ukijua hilo. Mwanao angeanza mazungumzo ya Jumapili kwa maneno ya namna hii, nadhani barua yako isingenifikia.

Tapeli si yeye. Kwa ulivyoeleza, kampuni ipo, bidhaa ipo, na akifa mtu wanalipa. Huyo ni dalali. Wewe madalali unawajua kuliko mimi: akikuambia "mama chukua hawa, wamekauka vizuri", unamwamini nusu, unatia mkono ndani ya gunia mpaka chini kabisa, unatoa kiganja, unanusa. Humchukii kwa kuwa anakula kwa mwenye mzigo. Unajua tu anakula wapi, na mkono wako unafanya kazi yake. Sasa dalali huyohuyo mvalishe shati jeupe, kwenye kadi mwandike Mshauri, tena akuite mamdogo. Mkono unabaki mapajani. Gunia hulifungui.

Ni jambo hilo hasa walilolishughulikia huko kwa mdogo wako. Uingereza, kuanzia tarehe 31 Desemba 2012, mshauri anayekuelekeza kwenye uwekezaji haruhusiwi kupokea kamisheni kutoka kwa kampuni ya bidhaa anayokushauri ununue. Unamlipa wewe, kwa bei mliyokubaliana mapema. Wazo lenyewe walianza kulipika mwaka 2006, kabla uchumi haujatikisika, kwa sababu ilishaonekana kwamba ushauri unafuata bidhaa yenye mkato mnene. Mtikisiko wa 2008 ulipokuja, kila aliyekuwa anapinga akapungukiwa na maneno. Walipandisha pia kiwango cha elimu. Siku hizi huko huwezi kumaliza semina ya siku tatu ukajiita mshauri.

Ila mdogo wako amevuta kamba kidogo. Marufuku ile iligusa uwekezaji. Bima ya maisha tupu, ile ya "ukifa tunalipa, usipokufa hatudaiani", wauzaji wake waliendelea kupokea kamisheni hata huko. Umwambie hivyo kwa upole, tena siyo kwenye kundi.

Wanaofanana zaidi na sisi ni Waaustralia. Kuna mji unaitwa Townsville, jimbo la Queensland, mji wa pwani ulio mbali na makao makuu ya nchi. Huko kulikuwa na kampuni ya ushauri, Storm Financial. Watu wenye umri wangu, waliokwisha kulipia nyumba zao, walishauriwa waziweke nyumba rehani, wakope, wanunue hisa kwa mkopo, na hisa zikipanda wakope tena. Miaka ya neema ilionekana ni akili nyingi. Bei zilipoanguka mwaka 2008 mikopo ikabaki palepale na hisa zikayeyuka, na Januari 2009 kampuni ikafa. Wastaafu wakajikuta na deni la nyumba wasilokuwa nalo walipoanza kushauriwa. Kamati ya bunge lao ilikaa, ikatoa ripoti Novemba 2009, na kutokana na hiyo ikaja sheria iliyoanza kuwa lazima tarehe 1 Julai 2013: mshauri atangulize faida ya mteja, na kamisheni zinazompinda shingo zikapigwa marufuku kwenye uwekezaji.

Bima ya maisha waliiacha kwanza. Huko wakala alikuwa akikuandikisha, kamisheni yake ya mwanzo ilifika, wakati mwingine ikapita, ada yako yote ya mwaka wa kwanza. Yote! Ilipunguzwa polepole, na tangu Januari 2020 haizidi asilimia 60 ya ada hiyo. Nakueleza hili ili ujue kwa nini kalamu ilikuwa mkononi. Sijui mwanao anakatiwa ngapi, ila biashara ya bima ya miaka mingi duniani ina kawaida ya kumlipa muuzaji mbele mbele, mteja bado hajajua kama mwezi wa kumi na nne atakuwa nayo hiyo laki na nusu.

Wala usidhani sheria ilimaliza kazi. Tume nyingine ya uchunguzi ya Australia, iliyotoa ripoti yake mwaka 2019, ilikuta wateja wanakatwa ada ya ushauri mwaka hadi mwaka bila kushauriwa kitu, na baadhi yao walikuwa wamekwisha kufa. Marehemu anatozwa ada ya ushauri! Na Uingereza kulipatikana tatizo la upande wa pili: ilipobidi ushauri ulipiwe mkononi, mabenki mengi yakawaacha wenye akiba ndogo, hesabu yao haikulipa. Mwenye pesa akabaki na mshauri msafi, mama wa chanja wa kule akabaki peke yake. Miaka mitatu baadaye serikali yao ilikuwa tayari imeunda timu ya kuchunguza namna ya kuliziba pengo hilo. Kwa hiyo mtu akikuambia "tuige tu Ulaya", mwulize nani atamlipa mshauri wa Kirumba.

Turudi kwenye alichosema mwanao kuhusu vipande, maana hapo ana nusu ya ukweli, na nusu ya ukweli ndiyo inayouza.

Ni kweli vipande vinashuka. Tarehe 15 Septemba 2008 benki ya Lehman Brothers ya Marekani ilifilisika. Kesho yake mfuko mmoja wa pamoja, Reserve Primary, ambao ulikuwa umeikopesha Lehman, ukatangaza kwamba kipande chake cha dola 1 sasa ni senti 97. Senti 3 tu, utasema. Lakini mifuko ya aina ile watu waliiweka moyoni kama akaunti ya benki, kitu kisichoshuka, basi wote wakakimbilia mlango mmoja, mpaka serikali ikalazimika kuidhamini mifuko ya namna hiyo. Baadaye masharti yakakazwa: mfuko uwe na fedha zinazopatikana upesi za kutosha kuwalipa wanaotoka, na mwaka 2014 ikaamriwa mifuko inayotumiwa na makampuni makubwa ionyeshe bei yake halisi inavyopanda na kushuka, isijifanye imesimama. Waliowaumiza zaidi wenye vipande ni wale waliowaambia kwamba havishuki.

Halafu kuna Madoff, Mmarekani aliyejidai kuwawekezea watu pesa zao, aliyekamatwa Desemba 2008. Huyo ni hadithi nyingine kabisa, na wengi wanazichanganya. Kwake hakuna kilichoshuka, hakukuwa na kitu. Karatasi za wateja zilisomeka zaidi ya dola bilioni 60, na ndani ya nyumba hamna. Alihukumiwa miaka 150, akafia gerezani 2021. Aliwezaje? Kampuni yake ndiyo iliyowekeza, ndiyo iliyotunza mali, na ndiyo iliyochapisha taarifa za wateja. Ulaya nao baada ya hapo wakaandika sheria mpya za mifuko, mwaka 2011 na 2014, zikimbana mtunza mali: asiwe meneja wa mfuko, na mali ikipotea mikononi mwake airudishe.

Wewe hili unalijua tangu siku ya kwanza ulipoingia kikoba. Kasha lenu lina kufuli tatu, sivyo? Funguo ziko kwa akina mama watatu, kasha linakaa kwa wa nne, na daftari anashika wa tano. Siku mweka hazina akisema funguo zote akae nazo yeye maana anaaminika, mtamtoa hata kama ni mama mchungaji. Basi mfuko wowote wa uwekezaji ukiletwa mbele yako, mtafute mwenye kasha na mwenye ufunguo. Mifuko ya UTT AMIS, ule wangu wa Umoja ukiwemo, inasimamiwa na kampuni ya serikali, mali inatunzwa na benki, yaani CRDB, na juu yao kuna Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, iliyoundwa kwa sheria ya 1994. Hilo halizuii bei kushuka, na vipande havina ile bima ya amana iliyoko kwenye akaunti ya benki. Linapunguza tu nafasi ya kufungua kasha ukakuta matambara.

Hapa niseme jambo ambalo sijawahi kuliandika. Mwaka 2009 nilikuwa kaunta. Ulikuwa mwaka mbaya huku Kanda ya Ziwa: bei ya pamba ilianguka kwa sababu ya huohuo mtikisiko wa wenzetu, wanunuzi walikuwa na mikopo hawana pa kuuzia, hadi serikali ya Kikwete ikatangaza mpango wa kunusuru uchumi wa shilingi trilioni 1.7 na wao wakiwemo. Na ulikuwa mwaka wa ule mchezo wa upatu wa "kupanda" na "kuvuna", ambao wa mwanzo hulipwa kwa pesa za wanaofuata, uliopigwa marufuku mwaka huohuo. Wa rika langu jina wanalijua. Mama mmoja, alikuwa na duka la khanga, alikuja kutoa milioni 3, akiba yake yote. Nilimuuliza anazipeleka wapi, nikitabasamu, maana tulifundishwa kutabasamu. Akanijibu, "Naenda kupanda." Nilizihesabu mara mbili, nikazifunga mpira, nikampa. Akazifunga kwenye pindo la khanga, akaniaga vizuri. Nilikuwa najua. Kazi yangu haikuwa kushauri, nilijiambia. Baadaye nilimwona mara nyingi pale mjini, na siku zote nilivuka barabara.

Kwa hiyo sitavuka barabara na wewe. Twende kwenye fomu.

Una milioni 18 tayari. Unatakiwa uzitoe kidogo kidogo miaka 10, upewe 21. Faida ni milioni 3 kwa miaka 10, na ukiipiga hesabu kwa jinsi unavyoitoa kila mwezi inakuja karibu asilimia 3 kwa mwaka. Bei ya sukari peke yake inaweza kuimeza hiyo. Bonasi usiihesabu, imeandikwa "mwaka ukiwa mzuri" na mwaka mzuri wanautangaza wao. Kitu chenye thamani kwenye fomu ile ni kimoja, nami sikidharau: ukifa mwezi ujao watoto wana milioni 21. Mjane mwenye watoto watatu anahitaji hicho. Angekuwa nacho mume wako, mtumbwi usingelala Igombe.

Sasa tafuta ukurasa unaosema ukikatisha unarudishiwa nini. Upo, kwa kawaida huko nyuma, herufi ndogo. Bima nyingi za namna hii ukiacha kulipa miaka ya mwanzo hupati kitu au unapata makombo. Na wewe biashara yako naijua. Mbalamwezi ikiwaka taa hazivuti dagaa, mnasubiri giza. Masika mvua inanyesha wiki nzima, dagaa wanaoza kwenye chanja, unawauza kwa watu wa chakula cha kuku kwa bei ya kutupa. Mwezi kama huo mkono unakwenda kwenye ile milioni 18, kwanza laki tatu, halafu ada ya shule, halafu mtu anaumwa Bugando. Ukifika mwaka wa tatu hesabu iliyotoka sawasawa haiko tena sawasawa, na ada inadaiwa palepale.

Ningekuwa wewe ningetenganisha vitu viwili alivyovifunga kamba moja. Kinga ya kifo inunue peke yake: bima ya maisha tupu, miaka 10, isiyo na akiba ndani. Muulize mwanao kampuni yake inayo. Kwa kawaida ada yake ni ndogo sana ukilinganisha na laki na nusu, na inunue kwake yeye, apate kamisheni yake halali. Hapo umeshajibu swali la riziki.

Akiba ipeleke pengine. Pesa ya masika moja na ada za shule, tuseme milioni 4 au 5, iwe karibu: benki, au mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS ambao hutozwi ukitoa na pesa inakuja ndani ya siku chache. Inayobaki ndiyo ya kukaa. Kuna mfuko wa Hatifungani wa haohao UTT AMIS, na kuna hatifungani za serikali zenyewe, unaanza na milioni 1, miaka 2 hadi 25, riba inaingia kila miezi sita. Benki Kuu ina tawi hapahapa Mwanza, nenda ukaulize, hawang'ati. Usiweke zote mahali pamoja, na ya miaka 25 mimi na wewe tuiache. Uza vipande wakati unaotaka wewe, usiuze kwa sababu jirani kakimbia.

Kuhusu mwanao. Mwite nyumbani, mpikie, mama yake asiwepo na mdogo wako asiwe hewani. Mwambie, "Mwanangu, mimi nakula kwa dagaa, nikikuuzia gunia la elfu 80 najua ndani yake kuna langu. Wewe kwenye fomu hii lako ni ngapi? Na ningechukua bima tupu lingekuwa ngapi?" Mpe muda. Kijana aliyekaa miaka miwili bila kazi atakuwa amefundishwa kila jibu isipokuwa hilo, na anaweza kunyamaza kidogo. Akikutajia, mshukuru, maana kakupa kitu ambacho Waingereza na Waaustralia ilibidi waandikiwe sheria ndipo waambiwe. Akikasirika, usisaini siku hiyo. Kamisheni kwa wakala wa bima hapa kwetu ni halali, kwa hiyo hakuna aibu ya kuitaja.

Omba pia kuona leseni yake ya uwakala. Inatolewa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, nao wana ofisi ya Kanda ya Ziwa hapahapa mjini, unaweza kuihakiki ukitoka sokoni. Inayomruhusu mtu kujiita mshauri wa uwekezaji ni nyingine, ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Kama ana moja tu, kadi abadilishe. Neno "wakala" halijawahi kumnyima mtu chakula.

Dada yako mpigie leo, usingoje wa tano. Usimtajie bima. Msalimie tu, muulize mguu, muulize mvua. Akikuuliza mbona mwanae kadhalilishwa kwenye kundi, sema aliyeandika ni mdogo wenu na mtamkalisha wote wawili akija likizo. Hilo la kundi la ukoo kwa kweli lilikuwa kosa, na mshahara wa Uingereza haulifuti.

Ukija mjini na fomu, pita kwangu tuisome huo ukurasa wa nyuma pamoja. Na unibebee dagaa kilo mbili, wale wa chanja, wa mchangani sitaki. Nitakulipa bei ya mwaloni. Zawadi sipokei, usije ukaulizwa na mimi nililipwa na nani.

Shangazi